Ekari moja ya tumbaku au tatu? Kulinganisha njia za kuamua kabla mvua haijasema

Agosti ikielekea mwisho, huku Urambo, mkoani Tabora, swali ni lile lile nyumba kwa nyumba: mwaka huu unaandikisha tumbaku ekari ngapi? Vitalu vinataka mbegu, chama cha ushirika cha wakulima kinataka makisio, na mvua itakayoamua yote hayo haijulikani itakujaje. Unatia saini leo kwa jambo utakalolijua mwezi wa tano mwakani.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Kaliua. Yeye na mumewe wana ekari tano, watoto watatu, mbuzi watano na akiba kidogo kwenye kikoba cha akina mama.

"Dada, shemeji yako anataka tuandikishe ekari tatu. Mimi naogopa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Sikumjibu palepale. Mtu anayeogopa ukimjibu haraka, unamwachia woga wako badala ya wake. Nimekaa na swali hilo siku kadhaa, na haya ndiyo niliyoyaandika, kwake na kwa yeyote ambaye daftari la msimu liko mezani na kalamu haijashuka.

Deni la tumbaku na jasho la mahindi

Nianze kwa kuitendea haki tumbaku. Mimi nimesomeshwa nayo. Sare yangu ya sekondari, godoro langu la bweni na nauli ya treni vilitoka kwenye marobota. Ukiingia mkataba, mbolea inakufikia hata kama mfukoni huna shilingi, mnunuzi anajulikana kabla hujapanda, na fedha ikija inakuja kwa mkupuo unaoweza kuezeka nyumba. Mahindi hayafanyi hivyo. Mahindi yanatoka gunia mojamoja, la ada, la sabuni, la msiba, na mwisho wa mwaka huoni yalikokwenda.

Lakini tazama kila njia inaanzia wapi. Mahindi unaanza na kilicho chako: mbegu uliyonunua, mfuko wa mbolea, nguvu zako. Tumbaku unaanza na cha mwenzio. Kabla tone la kwanza halijaanguka, tayari unadaiwa. Na mara nyingi deni hilo si lako peke yako, kwa kuwa wanachama mnadhaminiana. Jirani akishindwa, au akitorosha tumbaku yake kwa mnunuzi wa pembeni, pengo lake linaweza kukatwa kwenye malipo yako wewe uliyekesha bani, ile nyumba ya kukaushia majani kwa moto.

Na kukesha bani ni kazi yenye hatari zake. Jani la tumbaku ya mvuke linakaa humo karibu wiki nzima. Mwanzoni joto linakuwa nyuzi 35 hivi, jani ligeuke njano. Kisha linapandishwa taratibu siku baada ya siku, hadi mwishoni linafika nyuzi 70 ili mshipa mnene wa katikati ukauke. Ukikimbiza moto, rangi inaharibika na daraja linashuka. Ukifungua kabla mshipa haujakauka, robota linaota ukungu ndani. Nilipokuwa darasa la tano kazi yangu ilikuwa kusogeza magogo. Usiku mmoja baba alikuwa amechuchumaa kwenye kidirisha, anamulika kipimajoto kwa tochi, na mimi nimekaa nyuma yake juu ya gogo la mninga. Fungu moja la majani lilichomoka kwenye mti wake likadondokea bomba la moto. Kwanza nilisikia mchirizo, kama wa vitunguu vikiingia kwenye mafuta. Baba akasimama. Tulikuwa na ndoo mbili za maji. Kulipokucha paa halikuwepo, na ndani ya yale majivu kulikuwa na zaidi ya nusu ya mavuno yetu.

Ng'ombe wawili waliondoka kwa ajili ya deni la mwaka ule. Baba alikuwa mkulima hodari, na hakufanya uzembe wowote. Ndiyo maana nasema: usiupime uamuzi kwa matokeo peke yake. Mtu anaweza kuamua vizuri akapata hasara, na mwingine akaamua hovyo mvua ikambeba.

Hesabu nilizompigia mdogo wangu

Namba hizi ni za mfano tu. Weka za kwako, za kijiji chako na bei ya mwaka wako.

Tuseme ekari moja ya tumbaku inakupa mkopo wa pembejeo wa shilingi 900,000. Mwaka mzuri inaleta 3,000,000, mwaka wa kawaida 1,800,000, mwaka mbaya 600,000. Ukishalipa deni, mkononi unabaki na 2,100,000, au 900,000, au unadaiwa 300,000.

Ekari moja ya mahindi tuseme inakula 250,000 zako mwenyewe. Mwaka mzuri unapata gunia 15 za 60,000 kila moja, unabaki na 650,000. Mwaka wa kawaida gunia 9, unabaki na 290,000. Mwaka mbaya gunia tatu, na kwa sababu wote wamekosa bei imepanda hadi 80,000. Thamani yake ni 240,000, umepoteza elfu kumi na jasho lako.

Ukichukua miaka hiyo mitatu ukaigawanya sawa, tumbaku inakupa 900,000 kwa mwaka na mahindi 310,000. Tumbaku inashinda karibu mara tatu. Shemeji akiona hesabu hii atasema, sasa mnabishania nini?

Tunabishania mpangilio. Miaka haiji kwa wastani, inakuja mmojammoja, na hauchagui upi utangulie. Mwaka mbaya ukitangulia na wewe una ekari tatu, unadaiwa 900,000 kabla hujauona mwaka mzuri. Unauza mbuzi, unauza baiskeli, unamtoa mtoto shule, na msimu wa pili unaingia shambani huna nguvu ya kupalilia. Mwaka mzuri unakuja, unamkuta jirani. Wastani ule mkubwa ni wa mtu aliyefika mwaka wa tatu akiwa bado amesimama.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: andikisha ekari ambazo deni lake la mwaka mbaya unaweza kulilipa kwa mali isiyotegemea mvua ileile. Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Usiseme "tumbaku ikikataa nitauza mahindi," kwa sababu ukame unaokausha tumbaku hauruki shamba la mahindi. Na mbuzi usiwahesabu kwa bei ya sikukuu. Mwaka mbaya kila mtu anapeleka mbuzi mnadani siku moja, na bei inaanguka. Mbuzi watano wa mdogo wangu niliwahesabia 70,000 kila mmoja, jumla 350,000. Zinafunika ekari moja. Ekari mbili hazifuniki, tatu ndiyo kabisa.

Mwenye ng'ombe kumi, au mwenye mshahara wa ualimu pembeni, anaweza kuandikisha ekari tatu hizohizo akalala usingizi. Uamuzi ni uleule, wenye kuubeba ni tofauti. Hapo ndipo ushauri mwingi wa vijiweni unapopotea: mtu anakupa jibu linalofaa mgongo wake.

Kuna gharama mbili ambazo hazimo kwenye namba zangu. Moja ni kuni: kila bani linakula miti, na ile miombo tunayoikata ndiyo inayowapa nyuki maua. Nyingine ni mwili. Jani likiwa na umande au mvua, nikotini inapenya kwenye ngozi ya mchumaji. Kile kizunguzungu na kutapika ambako watu hudhani ni jua au malaria, mara nyingine ni jani lenyewe. Watoto wasichume majani mabichi yaliyolowa. Hilo siliwekei alama wala silipimi kwa shilingi.

Kuingia mzima mzima, au kuonja kwanza

Wilaya yetu ya Urambo ina somo lake kubwa kuhusu njia hizi mbili, na wazee wanaokumbuka matrekta yale sasa ni wachache. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango wa karanga Tanganyika: zaidi ya ekari milioni tatu, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wataalamu walizunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa wakitazama ardhi kutoka angani. Kongwa walipanga kufyeka ekari 150,000 mwaka wa kwanza. Hawakufikisha hata 10,000. Udongo ule wa mfinyanzi ukikauka unakuwa tofali, vyuma vya matrekta vikawa vinavunjika, mvua ikakataa. Wagogo wa Kongwa walikuwa wanajua ukame wao tangu mababu. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni milioni 36 zilikuwa zimekwisha kwenda.

Karanga inaota Tabora. Bibi zetu wamelima karanga miaka yote. Kilichokosekana ni shamba dogo la mwaka mmoja la kuuliza udongo kabla ya kuleta meli za mitambo. Baada ya mpango kuvunjika, ndipo tumbaku ikaanzishwa Urambo miaka ya 1950, kwa wakulima waliopewa mashamba ya kiasi, na yenyewe ikashika mizizi hadi leo.

Kuonja kuna gharama yake, nikiri. Anayeonja anapata kidogo mwaka mzuri huku jirani akiezeka bati. Inauma, hasa kwa mume anayetazamwa na ndugu. Na yapo mambo yasiyoonjeka: huwezi kujenga nusu ya bani, wala kuoa kwa majaribio. Lakini zao jipya, mbegu mpya, dawa mpya, biashara ya kununua nafaka, vyote hivyo vinaonjeka. Jiulize swali moja: nikikosea, naweza kurudi nilipokuwa kwa msimu mmoja? Ukiweza, jaribu bila kujitesa kwa mawazo. Ikiwa kurudi kutakuchukua miaka, punguza ukubwa mpaka uweze.

Hata kupanda kwenyewe kunaonjeka. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, Novemba hadi Aprili, na mvua ya kwanza inajulikana kwa kudanganya: inanyesha siku tatu, mbegu inachipua, kisha jua la wiki mbili. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa msimu wa wastani au juu ya wastani, inakwambia uzito umeegemea wapi. Haikuahidi mvua ya shamba lako. Mimi mahindi napanda nusu mvua ikishika, nusu baada ya siku kumi hivi. Mwaka ambao mvua ya kwanza haikudanganya, ile nusu ya pili inatoa kidogo. Nimekubali.

Mahindi yakishaingia ndani: uza sasa au kaa nayo?

Uamuzi huu unaonekana mdogo, ila unarudi kila mwaka na umewaumiza wengi. Juni bei iko chini kwa sababu kila mtu anauza. Januari na Februari bei iko juu kwa sababu ghala za watu zimeisha. Jibu la haraka ni kukaa nayo. Sasa tazama upande wa pili.

Tabora ndiko Afrika ilikomwona dumuzi kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, mdudu anayetafuna mahindi ghalani, aliyetoka Amerika ya Kati. Gunia ulilolisubirisha bei linaweza kugeuka unga wa vumbi kabla bei haijafika. Na bei yenyewe haina mkataba na wewe. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi ghafi kwenda nje ya nchi. Aliyekuwa amehifadhi akimsubiri mnunuzi wa kuvuka mpaka hakumwona.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei ya Juni na ya Februari, linganisha gunia la Juni na gunia la Februari. Kuna kipimo rahisi cha unyevu: chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka mahindi hadi robo hivi, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokauka, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikidondoka yote chini, yako tayari kuhifadhiwa. Mwaka jana nilirudia mara tatu. Mara ya pili ilibaki chembe nyeupe kama ukungu mdomoni mwa chupa, nikashawishika kusema inatosha, na jua la siku mbili zaidi ndilo lililoniokoa. Baada ya hapo tumia mifuko isiyopitisha hewa, ukihakikisha haina tundu, au dawa ya unga kwa kipimo chake.

Mwenye deni lenye riba auze sasa na alipe. Riba inaweza kula haraka kuliko bei inavyopanda. Asiye na deni atenge kwanza chakula cha nyumba mpaka mavuno yajayo, na hicho hakiuzwi hata bei ikipanda vipi. Kilichobaki mimi nakigawa: sehemu Juni kwa ajili ya ada ya Julai, sehemu Oktoba kwa pembejeo, sehemu Januari. Sitapata bei ya juu kwa magunia yote. Sitapata ya chini kwa yote pia.

Mizinga na matobolwa

Nyuki nawataja kwa ufupi kwa sababu hawapambani na tumbaku kwa shamba wala kwa siku za kazi. Mzinga unaweza kukaa mtupu msimu mzima bila kundi kuingia, moto wa porini unaweza kulifukuza, nyegere anaweza kuupasua. Lakini mzinga hauna mkopo. Ukikosa asali umekosa asali tu. Anayetaka kujifunza vizuri, chuo cha ufugaji nyuki kipo hapa hapa Tabora.

Na viazi vitamu. Bibi yangu hakuwa na daftari, ila kila mwaka, mwaka wa neema na wa njaa, alichemsha viazi, akavikata, akavianika juu ya mwamba mpaka vikawa matobolwa magumu yanayolia kama kokoto kwenye kihenge. Vingine alivikata vibichi, michembe. Sisi watoto tulimuuliza kwa nini anahangaika na mahindi yamejaa. Alisema, "Mahindi ni ya mwaka huu tunaouona." Tuta mbili tatu za viazi hazikumpunguzia kitu mwaka mzuri. Mwaka wa lile bani kuungua, tulikula matobolwa na karanga hadi Machi, na hakuna mtoto aliyelala njaa.

Nani wa kumuuliza

Shemeji alimuuliza mkulima mwenye nyumba ya bati na pikipiki, akaambiwa aandikishe nyingi. Mtu yule hakudanganya. Ila waliofanya kama yeye wakashindwa hawapo barabarani kutuonyesha pikipiki. Wengine wamehama, wengine hawapendi kusimulia. Nilimwomba mdogo wangu awatafute wawili: mmoja aliyefanikiwa, mmoja aliyeacha tumbaku. Yule aliyeacha asimuulize "ni nzuri au mbaya?" Amuulize: mwaka ulioharibika, kitu gani kilikuwa cha kwanza kuuzwa? Jibu la swali hilo lina mafunzo kuliko mkutano mzima.

Na wakubaliane siku ya kuamua. Kusubiri kunaonekana ni hekima, lakini kitalu kilichochelewa kinatoa miche iliyochelewa, na miche iliyochelewa inakutana na mwisho wa mvua ikiwa bado michanga.

Jana usiku alinipigia tena, safari hii shemeji naye yuko kwenye simu. Wameandikisha ekari moja. Mbili na nusu za mahindi yenye kunde, nusu ya karanga, iliyobaki viazi, na mizinga minne kwenye miti iliyo nyuma ya shamba la baba mkwe. Shemeji hakufurahi sana, alisema wazi, na nikamshukuru kwa kusema. Aliniuliza kama mwakani wakipata mwaka mzuri wataweza kupanda hadi mbili. Nikamwambia wahesabu mbuzi kwanza.

Kwenye daftari lao wameandika tarehe, ekari, sababu tatu, na mstari mmoja wa mwisho kwa mwandiko wa mdogo wangu: "Mbuzi hawauzwi kabla ya soko la tumbaku kufungwa." Mbegu za kitalu wanamwaga Jumamosi asubuhi.